Chawa kwenye kichwa kilichosukwa rasta: natoaje bila kumnyoa mtoto?

mama_nyegezi

Habari za jioni wakuu. Binti wa miaka 9 karudi likizo akiwa amesukwa rasta nyembamba, na tangu afike mkono hautoki kisogoni. Nikimulika mistari kwa tochi ya simu naona vijipunje vyeupe vimeng'ang'ania nywele, na nyuma ya masikio ndiyo vimejaa zaidi. Mdudu anayetembea sijamwona hata mmoja. Shule anayosoma inaruhusu kusuka, na nywele zake ni nzito, zikinyooshwa zinafika mabegani. Kwa hiyo wembe naomba uwe wa mwisho kabisa.

Analala kitanda kimoja na mdogo wake wa miaka 4, na chumba hichohicho kuna mtoto mchanga wa miezi 3. Bibi yao anasema nimpake mafuta ya taa nimfunge kitambaa alale nayo. Jirani kaenda mbali zaidi, kaniletea dawa ya josho kwenye chupa ya soda, eti kifuniko kimoja ndani ya beseni la maji. Wengine wanasema niwapeleke ziwani waoge na sabuni, chawa watakufa maji.

Naomba msaada: ni chawa kweli au ni mba? Lazima nifumue? Dawa ipi ya dukani haitamdhuru mtoto? Na mashuka na magodoro nayafanyaje?

mfamasia_igoma

Dada, kabla ya mengine yote, hiyo chupa ya soda mrudishie mwenyewe leoleo. Una mtoto wa miaka 4 ndani, na chupa ya soda kwake ni soda.

Dawa ya josho huuzwa ikiwa kali ili ichanganywe na maji mengi, na hata ikishachanganywa ni ya ngozi ya ng'ombe. Nyingine zina amitrazi, sumu ya kuua kupe. Dawa za pamba, ambazo huku kanda yetu nazo watu hupaka kichwani, zimo za jamii ya oganofosfeti, sumu ya wadudu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Kichwa kilichokwaruzwa kwa kucha hakina kizuizi, sumu inaingia kwenye damu. Oganofosfeti humtoa mtoto mate na jasho jingi, mboni zinakuwa ndogo, anatapika, analegea, na mwisho anapumua kwa shida. Amitrazi humtia usingizi mzito na kushusha mapigo ya moyo. Kama kuna anayesoma hapa na ameshampaka mtoto: mvue nguo, mwoshe kichwa na mwili kwa sabuni na maji mengi huku mikono yako imevikwa glavu au mifuko ya plastiki, usimtapishe, kisha kimbia hospitali, kwa hapa Mwanza ni Sekou Toure au Bugando, au kituo kilicho karibu. Beba na chupa yenyewe, maana matibabu yanategemea ni sumu gani.

Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na kumfunga kitambaa usiku kucha kunazidisha kwa sababu hayapati pa kukaukia. Nywele zilizolowa mafuta ya taa karibu na jiko la mkaa ni moto unaosubiri. Akimeza hata kidogo yakapitia njia ya hewa, yanachoma mapafu. Bibi umwambie kwa adabu, lakini hapana.

Ziwani nako hakusaidii. Chawa akilowa anafunga matundu anayopumulia na kuushika unywele kwa nguvu zaidi, na anaweza kukaa chini ya maji saa kadhaa akatoka mzima. Mtoto atarudi na chawa wake, na pengine na kichocho juu yake.

Sasa swali lako la kwanza. Shika kipunje kimoja kwa kucha mbili ukivute kuelekea nchani. Mba inatoka bila ubishi, hata ukiipuliza inaruka. Yai la chawa halisogei, limegandishwa upande mmoja wa unywele kwa gundi ngumu, na lina umbo la mviringo mrefu, urefu usiofika milimita 1. Yai lenye kiumbe ndani huwa na rangi ya kahawia au karibu na rangi ya ngozi, na mara nyingi liko ndani ya milimita 6 kutoka ngozini kwa sababu linahitaji joto la kichwa. Jeupe linalong'aa kwa kawaida ni ganda tupu. Kwenye maeneo ya joto kama kwetu chawa hutaga mbali kidogo zaidi, kwa hiyo umbali peke yake usiwe hakimu.

Ganda si ushahidi kwamba chawa bado wapo. Ushahidi ni mdudu anayetembea. Mkubwa ana ukubwa wa punje ya ufuta, rangi ya kijivu hadi kahawia, miguu sita, na anakimbia mwanga, ndiyo maana tochi yako haimwoni. Utamwona nywele zikiwa zimefumuliwa na kulowa. Na ukiona duara lenye magamba na nywele zilizokatika katikati yake, hayo ni mapunye, hayana uhusiano na chawa. Hayo yanatibiwa kwa vidonge vya hospitali na siyo kwa chochote tutakachosema hapa.

Jambo moja linalowachanganya wazazi: kwa mtoto anayepata chawa mara ya kwanza, muwasho unaweza kuchelewa wiki 4 hadi 6 kuanza. Kwa hiyo hao hawajaanza jana, na mdogo wake aliyelala naye asipojikuna haina maana yuko salama. Kagua wote.

msusi_kirumba

Kufumua ni lazima, hapo hatuna mjadala. Chawa anaishi kwenye mzizi na mayai yako kwenye nywele zilizofichwa ndani ya uzi wa rasta. Ukimwaga dawa kwenye mistari inaishia juujuu, kitana hakipiti, na baada ya wiki unaanza upya ukilalamika dawa ni feki.

Fumulia nje mchana, si chumbani wala chini ya taa. Mkalishe kwenye kigoda juu ya shuka jeupe ili kinachoanguka kionekane. Kata rasta chini kidogo ya pale nywele zake zinapoishia, kisha fumua kwa mkia wa kitana. Rasta zote zitie kwenye mfuko, funga, tupa. Usizioshe eti utamsukia tena.

Vifaa: kitana cha chawa cha chuma chenye meno marefu ya karibukaribu, chanuo, kitana cha meno mapana, vibanio, tishu nyeupe, kondishena, na beseni. Vile vya plastiki meno yake yanapinda kwenye nywele nzito na chawa anapita katikati. Nafasi kati ya meno isizidi milimita 0.3. Ukiwa dukani jipimie kwa karatasi ya kawaida ya kuandikia: ikunje mara moja, iingize kati ya meno, iingie kwa kubana. Ikunje mara mbili. Ikipita nayo, hicho kitana kiache.

Kondishena usiwe bahili. Kwa kichwa kama hicho weka nusu kikombe cha chai, na ongeza kila inapokauka. Ya bei rahisi inatosha. Haitibu kitu, kazi yake ni kutelezesha kitana na kumzubaisha chawa. Mkavu anakimbia, aliyelowa kondishena anatulia kwa dakika kama 20.

Nywele zetu haziingiliwi na kitana cha chawa moja kwa moja, na hapa ndipo wengi wanamliza mtoto wakaacha kazi katikati. Osha kwanza, weka kondishena, gawa kichwa mafungu manne uyabane. Fungua fungu moja: achanisha kwa vidole, kisha chanuo, kisha kitana cha meno mapana, ukianzia nchani ukipanda kuelekea mzizi mpaka hakuna fundo. Hapo ndipo unashika kipande cha upana wa sentimita 2 hivi na kuingia na kitana cha chuma, na sasa mwelekeo unageuka: meno yaguse ngozi ya kichwa kabisa, vuta hadi nchani kwa mkupuo mmoja. Pitisha mara nne kwa kila kipande, juu, chini na pande zote mbili. Kila ukivuta futa kitana kwenye tishu uangalie. Usipofuta unawarudisha walewale.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni kitana kuanzia sentimita mbili juu ya ngozi kwa sababu mama anaogopa kumuumiza mtoto. Chawa wote wako ndani ya hizo sentimita mbili. La pili ni kumaliza haraka. Kichwa kizito kinachukua saa moja na nusu, na nyuma ya masikio na kisogoni ndipo pa kutumia muda. Ukimaliza suuza kondishena, kisha pitisha kitana tena nywele zikiwa bado na maji.

Ukitumia njia ya kitana peke yake bila dawa, fanya siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, kisha kagua siku ya 17. Ratiba hii inafuata yai: linaanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10, na mtoto wa chawa anahitaji siku nyingine 9 hadi 12 kabla hajaanza kutaga. Ukichana kila baada ya siku nne unawakamata wakiwa wadogo. Ukiruka siku ya 9 umewapa nafasi.

Na msimtie mtoto dawa ya kulainisha nywele kwa sababu mmesikia inaua chawa. Kichwa kilichojikuna kitaungua vibaya.

mzee_wa_sengerema

Mnawatisha watu na dawa za viwandani. Mwarobaini upo tangu zamani. Siki inayeyusha gundi ya mayai, na mafuta ya nazi yanamziba chawa pumzi. Hivyo vyote havina gharama.

mfamasia_igoma

Shikamoo mzee. Mafuta ya nazi siyakatai, kama hakuna kondishena yanafanya kazi ileile ya kutelezesha kitana. Lakini kuyapaka, kufunga kichwa na kusubiri chawa afe hakutabiriki. Anaweza kuvumilia bila kupumua saa nyingi, anaonekana amekufa, ukimwosha anaamka. Vaseline ni hivyohivyo, na hiyo kuitoa kwenye nywele ni kazi ya siku nzima.

Siki haiyeyushi gundi. Ile gundi ni protini inayofanana sana na ya unywele wenyewe, kwa hiyo kitakachoiyeyusha kitaharibu nywele pia. Juu ya vidonda siki inawasha tu.

Mafuta ya mwarobaini ya kutengeneza nyumbani hayana kipimo, na yasikaribie mdomo wa mtoto mdogo. Yakimezwa yameleta degedege kwa watoto wachanga. Nyumba yenye mtoto wa miezi 3 yaache.

mama_nyegezi

Asanteni sana. Nimefumua leo, na mdudu nimemwona, tena si mmoja. Mdogo wake naye anao. Hicho kitana nitakitumia, ila nataka na dawa kwa sababu nywele ni nyingi mno. Ipi, na kiasi gani?

mfamasia_igoma

Dawa ya kuanzia ni permethrini asilimia 1, ya maji au ya kupaka na kusuuza, iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa. Soma asilimia kwenye boksi. Krimu ya asilimia 5 utakayoonyeshwa ni ya upele, usiinunue kwa sababu tu muuzaji kasema "ni ileile". Nunua famasi au duka la dawa muhimu, si kwa anayetembeza. Chupa ya mililita 60 hivi inatosha nywele fupi, ila kwa nywele nzito za kufika mabegani andaa mbili, maana dawa isiyofika kwenye ngozi haijafanya kitu.

Angalia hapa, ndipo inapoharibika: kondishena na dawa haviendi pamoja. Kondishena inaufunika unywele na dawa haishiki. Kwa kuwa bila kondishena huwezi kuachanisha hizo nywele, fanya kwa zamu. Achanisha na uchane kwa kondishena kama msusi alivyoelekeza, suuza, kisha osha kwa shampuu mara mbili, shampuu isiyo na kondishena ndani yake. Kausha kwa taulo mpaka nywele ziwe na unyevu tu. Zikichuruzika maji unaipunguza dawa nguvu.

Mwinamishe juu ya beseni, uso chini, taulo dogo likiwa limefunika macho. Usimpakie bafuni akiwa uchi, dawa isitiririke mwilini bila sababu. Anza kisogoni na nyuma ya masikio, fungu kwa fungu, ukisugua hadi ngozini. Saa mkononi: dakika 10, si nusu saa. Kukaa zaidi hakuongezi chochote ila muwasho. Suuza kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni hilohilo, kisha usimwoshe tena kwa siku moja hadi mbili.

Maji ya kusuuzia mwaga chooni. Mnaokaa mwambao msiyaelekeze ziwani wala kwenye mtaro unaoteremka huko. Permethrini kwa samaki ni sumu kali hata ikiwa kidogo sana.

Baada ya saa 8 hadi 12 kagua. Ukikuta wachache wanajikokota, tulia, dawa inaendelea kuwamaliza, usirudie. Ukiwakuta wana mbio zilezile za mwanzo, ama uliipaka vibaya ama chawa hao wameizoea. Hapo usiongeze kipimo cha ileile, rudi famasi mbadilishe aina. Rudia dawa kati ya siku ya 7 na ya 10, na ya 9 ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu permethrini haiui mayai yote. Unawasubiri waliobaki waanguliwe, unawapiga kabla hawajataga. Watu wengi wanaacha mzunguko huu wa pili kwa kuwa muwasho umepungua, kisha mwezi ujao wanasema chawa wamerudi. Hawakuondoka.

Katikati, siku ya 5, na baadaye siku ya 13, mchane kwa kondishena kama kawaida.

BBE (benzyl benzoate, dawa ya maji ya kupaka) ya asilimia 25 ndiyo utakayoikuta kila duka na ni rahisi. Inafanya kazi, ila inachoma, na kichwani mwa mtoto aliyejikuna atapiga kelele. Kwa umri wa miaka 9 huchanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa, na haipakwi palipo na vidonda wala karibu na macho. Mimi naiweka nafasi ya pili.

Mtoto wa miezi 3 usimpake chochote. Permethrini inaruhusiwa kuanzia miezi 2, ila kichwa cha mchanga unakimaliza kwa kitana na subira. Mkague tu, na kama hana usimguse. Mama anayenyonyesha anaweza kutumia permethrini. Vidonge vya ivamektini vipo pia, lakini hupewa kwa uzito, haviwafai walio chini ya kilo 15 wala wajawazito, na hiyo ni karatasi ya daktari, siyo ya kwangu.

matroni_bwenini

Naongezea upande wa nyumba, maana huku ndiko watu wanachoka bure, wanaanika magodoro siku tatu na mtoto bado ana chawa kichwani.

Chawa wa kichwa nje ya kichwa hana maisha. Asipokula damu anakufa ndani ya siku moja hadi mbili, na yai lililoanguka na unywele halipati joto la kuangulia. Harukaruki, hana mabawa. Anatembea kutoka unywele mmoja kwenda mwingine vichwa vinapogusana. Huyo si kunguni na si chawa wa mwili anayejificha kwenye mishono ya nguo. Kwa hiyo puliza ya wadudu kwenye godoro weka kando, utawavutisha watoto sumu kwa mdudu ambaye hayupo hapo.

Fua vilivyogusa kichwa siku mbili zilizopita tu: foronya, shuka la juu, taulo, kofia, ushungi, kanga ya kujifunikia, sweta yenye kofia. Maji ya moto ya nyuzi 55 au zaidi. Kipimajoto huna, basi chota maji yaliyochemka na maji ya bomba kiasi sawa: kwa Mwanza maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mchanganyiko unakaa karibu na 60. Loweka mara moja kabla hayajapoa. Anika juani, piga pasi kwenye mishono. Vitana, chanuo na vibanio vikae humohumo dakika 10. Mdoli wa manyoya au kofia isiyofulika ifunge kwenye mfuko wiki mbili. Godoro lifagie, litandike, imetosha.

Wote watibiwe siku moja. Ukimtibu dada Jumamosi na mdogo Jumatano, wanaambukizana Jumapili usiku. Wanaolala kitanda kimoja hesabu ni kichwa kimoja. Lakini asiye na chawa na halali nao usimpake dawa ya kinga, hakuna kitu kama hicho. Mkague tu kila baada ya siku mbili tatu.

Mdogo wa miaka 4 mnyoe, mama. Kama nywele zake ni fupi hakuna sababu ya kumtesa na kitana. Kichwa kilichonyolewa hadi ngozini chawa hana pa kushika wala pa kutagia, na kazi inaisha siku hiyohiyo bila dawa. Wembe uwe mpya. Kama ni mashine ya kinyozi, aifute kwa spiriti mbele yako, maana utamtoa chawa umletee mapunye.

Na mwalimu au matroni wa shule aambiwe. Najua mnaona aibu. Chawa hawachagui kichwa safi wala kichafu, na wenzake aliolala nao bweni moja wakibaki na wao, mtarudia haya yote muhula ujao. Mwambie binti asibadilishane ushungi, kofia na chanuo, ila zaidi ya yote vichwa visilale mto mmoja.

Hospitali mpeleke ukiona usaha au magamba ya njano kichwani, homa, au tezi za shingoni na nyuma ya masikio zimevimba zinauma. Hapo kucha zimeingiza bakteria na dawa ya chawa haitibu hilo. Mkate kucha leo. Kope zikiwa na mayai pia ni hospitali, macho hayapakwi dawa hizi kabisa.

mama_nyegezi

Mdogo ameshanyolewa, mchanga nimemkagua hana. Chupa ya josho imerudi kwao. Mawili ya mwisho: muwasho ukiendelea baada ya dawa ndiyo imeshindwa? Na haya maganda meupe yakibaki, shuleni watasema bado anao?

mfamasia_igoma

Muwasho unaweza kuendelea hata wiki mbili na zaidi baada ya chawa wote kufa, kwa sababu ngozi bado inapambana na mate yao. Usipake dawa tena kwa kuhesabu mikuno. Hesabu wadudu wanaotembea.

msusi_kirumba

Maganda hayana madhara, ni suala la macho tu. Ukitaka yatoke, yakokote kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, unywele mmoja mmoja, au kata unywele wenye ganda, kwa nywele nzito haitaonekana. Shuleni wakiuliza, waonyeshe umbali. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, wakati mwingine pungufu kwa nywele zetu, na ganda halihami lilipogandishwa. Lililo sentimita 3 kutoka ngozini ni la miezi mitatu nyuma. La kutiliwa shaka ni lile la kahawia lililogusana na ngozi.

Kusuka subiri siku ya 17 ipite kitana kikiwa safi. Anza na twende kilioni kubwakubwa za nywele zake mwenyewe, bila rasta, zifumuliwe kila wiki uangalie mzizi. Rasta nyembamba za kukaa miezi miwili ziache mpaka shule ifunguliwe na ujue wenzake nao wametibiwa. Na unapompeleka saluni, nenda na chanuo lake.